Wenye nchi wamebanana watu 14 nyumba moja, mimi mgeni nina chumba cha ziada. Hii imekaaje?

#1 Mgogo_wa_Jangwani

Wakuu, habari za saa hizi.

Niko Alice Springs, katikati kabisa ya Australia, mwaka wa tatu sasa. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Huku ni pakavu kama kwetu Dodoma, vumbi jekundu, mvua ya kuhesabu. Mimi na mke wangu tumepanga nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha pili kinalala pasi na mabegi.

Jirani yangu ni mama mtu mzima wa Kiaborijini. Namwita Bibi, naye kashazoea, anaitika. Nyumba yake ni ya serikali, vyumba vitatu. Jumamosi nilimpelekea maandazi asubuhi na mapema, nikakuta magodoro manne sebuleni, mawili kibarazani, na katoto kamelala kwenye kochi miguu inaning'inia. Nikahesabu na wa vyumbani: watu 14. Bibi akanitolea barua imekunjwa mara nne, nimsomee. Ofisi ya nyumba inakuja kukagua, na inataka kujua "wageni" wataondoka lini. Hao wageni ni binti yake na wajukuu. Binti aliandikisha jina kwenye foleni ya nyumba akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu.

Nikiwauliza wenzangu kazini jibu ni moja: "Hao wakipewa nyumba wanaibomoa." Kwao mjadala umeisha. Kwangu bado. Wanaojua waje, na wasiojua waje pia, maana najua mtakuja tu.

#2 Kijiwe_Nongwa

Mgogo na vyumba viwili ughaibuni! Lile tembe umemwachia nani?

Niko siti ya mbele, kahawa na kashata.

#3 Mbeba_Zege

Nitasema ukweli, mkinuna shauri yenu. Nimefanya ujenzi Darwin miaka sita. Nyumba mpya tunakabidhi mwezi wa tano, mwezi wa kumi tunaitwa kurudi: milango imeng'oka, ukuta una tundu la kupitisha kichwa, choo kimeziba. Waabo wanapewa kila kitu bure, na cha bure hakina uchungu. Mpe mtu nyumba aliyoitolea jasho uone kama ataipiga mateke.

#4 DadaPerth

@Mbeba_Zege kwanza hilo neno ulilolifupisha huku ni tusi, tena la kupigiana. Andika Waaborijini, au taja kabila. Hapo Alice kwa Mgogo wenyeji ni Waarrernte. Na watu wa visiwa vya Torres Strait ni wengine, usiwaweke kapu moja.

Pili, bure ipi? Wanalipa kodi ya pango kama wewe. Mijini nyumba ya serikali inakata karibu robo ya kipato. Vijijini kule Northern Territory, jimbo lenye Alice na Darwin, Februari 2023 walianza kutoza kwa chumba: dola 70 kwa wiki kila chumba cha kulala, kikomo dola 280. Choo kifanye kazi kisifanye, 70 iko palepale.

Nafanya kazi shirika la nyumba za jamii, nitarudi nikitoka zamu.

#5 Mbeba_Zege

Kwa neno hilo samahani, ni lugha ya saiti. Hoja yangu sijaiondoa.

#6 Fundi_Bomba_Mvita

Shikamooni walio wakubwa, wengine hamjambo.

Mimi mtu wa Mombasa, fundi bomba, nazunguka vijiji vya jangwani na gari la kampuni. @Mbeba_Zege nyumba ukabidhizo wewe mwezi wa tano ndizo nirekebishazo mimi mwezi wa kumi, kwa hivyo sisi ni watu wa kazi moja. Hebu nikwambie nilionalo nikiwa nimepiga magoti na spana.

Maji ya huko yatoka visimani na yamejaa chokaa. Hita ya maji ikikaa miaka michache tu ukiifungua utadhani tanuri la chokaa Lamu: mawe meupe tele ndani ya tangi, koili ya kuchemshia imepasuka. Koki nazo hivyohivyo. Chokaa yakaa kwenye washa ya mpira, koki yaanza kutiririka, mtu akaza. Kesho akaza tena. Siku ya siku kichwa cha koki chamvunjikia mkononi. Mkaguzi aja na karatasi yake, aandika "imeharibiwa na mpangaji." Mpangaji adaiwa.

Kisha bafu. Nimeona bafu ambalo sakafu imemwagwa mteremko kinyume, maji yote yaenda mlangoni, tundu la kutolea maji liko kavu kama mdomo wa mfungaji saa tisa alasiri. Fremu ya mlango ni ya mbao za maranda, zavimba, bawaba zatoka zenyewe. Hapo tena mwasema mlango umeng'olewa.

Na si maneno yangu peke yangu. Miaka ya 1980 mzee Yami Lester, aliyekuwa akiongoza shirika la afya la Nganampa huko kaskazini ya South Australia, aliwaita daktari, bwana afya na msanifu majengo akawataka wazuie watu wasiugue. Wakaenda kuangalia mabafu na masinki kabla ya dawa. Kazi ile ndiyo iliyozaa shirika la Healthabitat, wamepita maelfu ya nyumba. Walipoingia mara ya kwanza, zenye shawa inayofanya kazi zilikuwa 35 kwa mia, zenye choo kinachofanya kazi 58. Wakaandika sababu ya kila ubovu: zaidi ya theluthi mbili ni kwamba hapakufanywa matengenezo ya kawaida, karibu asilimia 20 ni ujenzi mbovu tangu siku ya kwanza, na kuharibu kwa wenyewe wenye kukaa hakukufika 10.

Nao wana sharti moja nilipendalo sana: hapimwi mtu nyumba yake bila kutengenezewa kitu siku ileile.

#7 Kijiwe_Nongwa

"Ujenzi mbovu tangu siku ya kwanza." @Mbeba_Zege unaitwa mapokezi.

#8 Mbeba_Zege

Mteremko haunihusu, mimi nabeba zege, jina si mnaliona? Lakini hiyo chini ya 10 nani alihesabu, si haohao wanaowatetea? Milango niliyoiona mimi ilikuwa na alama ya kiatu.

#9 Fundi_Bomba_Mvita

Alama ya kiatu ipo, sikatai, kumi kwa mia si sifuri. Ila nyumba ina ufunguo mmoja na watu 14. Atokaye kazini saa nane ya usiku atafunguliwa na nani?

#10 Wakili_wa_Keko

Mmetaja mlango, nikakumbuka kesi. Kuna kijiji kinaitwa Ltyentye Apurte, jina la kimisheni Santa Teresa, kilomita 80 hivi kutoka Alice. Mwaka 2016 kaya 70 za pale zilimshtaki mwenye nyumba wao, yaani serikali ya Northern Territory, kwa matengenezo zaidi ya 600 yaliyokuwa hayajafanywa. Mmoja wa walalamikaji, mama mzee, alikaa miezi 68 bila mlango wa nyuma. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka mitano unalala na tundu la saizi ya mlango, jangwani, nyoka na mbwa na walevi wanapita.

Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya mwisho kwao, na Novemba 2023 ikaamuliwa kwamba mpangaji anastahili kufidiwa hata ile hofu na usumbufu wa moyo. Fidia ya mlango huo ilikuwa dola 10,200. Mwenyewe alikuwa ameshafariki. Jina lake siliandiki kwa sababu kwao jina la marehemu halitajwi ovyo.

Kwa hiyo @Mbeba_Zege, ukikuta nyumba haina mlango usikimbilie kiatu.

#11 Simba_wa_Logan

Mnazunguka. Mimi niko Queensland, huku kila mtu anasema sisi wakimbizi na wahamiaji ndio tumejaza nyumba zao. Nimeambiwa usoni ndani ya basi. Mgogo, hebu jibu, uliipataje hiyo ya vyumba viwili?

#12 Mgogo_wa_Jangwani

Mimi si mkimbizi mkuu, nimekuja kwa viza ya kazi. Nyumba ni ya mtu binafsi, dalali alinipa nikiwa na barua ya mwajiri tu. Siku tatu.

#13 Mama_Uvira

Jambo bandugu. Mimi niko Wodonga, mzaliwa wa Uvira, nimekula miaka 14 katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma. Hiyo habari ya kusema wakimbizi tunapewa nyumba za serikali ni uongo. Tulipofika walitutafutia nyumba ya mtu binafsi, tunalipa kama wengine, na foleni ya serikali tunaipanga nyuma kama wengine.

Lakini niwaambie kitu kimoja kilinikaa rohoni. Nilikuwa na rafiki yangu, mama wa Kiaborijini, tunafanya usafi pamoja hospitali moja. Mshahara mmoja, zamu moja. Tukaenda kuangalia nyumba ileile, yeye saa nne, mimi saa tano kasoro. Yeye dalali akamwambia imeisha kuchukuliwa. Mimi nikapewa fomu. Nikamuuliza yule binti wa dalali, haikuisha? Akacheka tu. Nikatoka nje, rafiki yangu bado yuko kwa gari ananingojea turudi wote. Nilishindwa namna ya kumwambia. Ile fomu nikaikunja nikaiweka ndani ya kitenge.

Mimi na yeye wote ni weusi. Sasa mnieleze.

#14 Kijiwe_Nongwa

Mama pole. Ukaichukua ile nyumba?

#15 Mama_Uvira

Hapana. Watoto wangu walinigombeza mwezi mzima.

#16 DadaPerth

Nimerudi. Alichosema Mama Uvira ndicho ninachokipokea mezani kila wiki. Madalali wanaandikiana majina ya wapangaji "wakorofi" kwenye madaftari yao ya kompyuta. Ukiingia humo kwa deni la kodi la wiki tatu, au kwa shemeji aliyevunja kioo, nyumba ya mtu binafsi utaisikia redioni. Kwa hiyo unabaki na mlango mmoja tu, wa serikali au mashirika kama letu. Sasa angalia na ya kununua: kwa sensa ya 2021, kaya za wazawa zinazomiliki nyumba ni kama 42 kwa mia, wengine ni takriban theluthi mbili. Wazee wao walifanya kazi mashambani kwa mgao wa unga na chai, au mshahara ukashikwa na serikali "kwa kuwatunzia." Nyumba ya kurithi itoke wapi?

Kuna na hesabu nyingine watu hawaijui. Mpangaji wa serikali moja kwa moja hapati ile posho ya shirikisho ya kusaidia kodi. Mpangaji wa shirika la jamii anaipata, na sisi tunaipandisha kwenye kodi yetu. Kwa hiyo majimbo yanapenda kuyasukumia mashirika majengo yao: majengo yaleyale, watu walewale, ila hela ya serikali ya shirikisho kule Canberra inaanza kuingia. Pengine inasaidia kweli. Victoria walikabidhi shirika la wazawa wenyewe, Aboriginal Housing Victoria, hati za nyumba zaidi ya elfu moja. Pengine tunarithishwa mabomba mabovu tu. Mimi ndani ya ofisi nimeona yote mawili.

#17 Mbeba_Zege

@Mama_Uvira hiyo ya kwako imenigusa, sina la kusema.

@DadaPerth lakini mashirika ya wazawa wenyewe si yalishindwa? Redfern pale Sydney, ule mtaa walioununua wenyewe, si uligeuka kijiwe cha unga mpaka ukavunjwa?

#18 Wakili_wa_Keko

Nusu kweli. Mtaa huo, The Block, ulinunuliwa kuanzia 1973 kwa ruzuku ya serikali ya waziri mkuu Whitlam, na Aboriginal Housing Company, shirika la wenyewe. Dawa za kulevya ziliingia, zikaharibu, nyumba zikavunjwa, hilo ni kweli. Ila ardhi haikuuzwa. Sasa hivi pamejengwa upya na zipo nyumba 62 za familia za Kiaborijini za bei nafuu, katikati ya Sydney, dakika chache kutoka stesheni. Wenye hela wangekuwa wameshaila zamani.

#19 Kijiwe_Nongwa

Kwa hiyo walishindwa au walishinda?

#20 Wakili_wa_Keko

Waulize walioishi pale miaka ya mwanzo wakahamishwa wasirudi. Wengine wanalalamika hadi leo kwamba hosteli ya wanafunzi ilitangulizwa.

#21 Olmurran_wa_Ngoro

Sopa wakuu. Nasoma nasikia harufu ya nyumbani. Sisi tangu 2022 watu wetu wanahamishwa Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Nyumba ya vyumba vitatu, ekari mbili na nusu, na ekari tano za kulima. Kwa karatasi ni nzuri. Sasa mwenye wake watatu, kila mke kwa mila ana nyumba yake ndani ya boma, aliyechora ramani alimuuliza nani? Fundi wa Mombasa kasema mteremko wa bafu. Mimi nasema mteremko wa akili.

#22 Serikali_Sikivu

Msomera watu wamehama kwa hiari na wana maji, umeme, shule. Acheni kuchafua.

#23 MODERETA

Msomera ina uzi wake wenye kurasa zaidi ya mia, hamieni kule. Hapa ni Australia. Wa kwanza kubishana na hili anapumzishwa siku tatu.

#24 Kijiwe_Nongwa

Mod ametuhamisha kwa hiari.

#25 Kobe_Mzee

Naomba nirudi nyuma kwa Mgogo. Kawaita "wenye nchi." Je, nchi ni yao kisheria? Maana huenda shida iko kwenye hati.

#26 Wakili_wa_Keko

Swali zuri. Northern Territory kuna sheria ya haki za ardhi ya 1976, na karibu nusu ya ardhi ya jimbo lile imerudi mikononi mwa Waaborijini. Lakini inamilikiwa kwa pamoja na haiuzwi. Huwezi kuiweka rehani benki ujenge. Ni kama ardhi ya kijiji kwetu chini ya sheria ya 1999, hati ya kimila unayo, meneja wa benki anakuangalia tu.

Halafu ikaja 2007. Serikali ya shirikisho iliingia na jeshi, kwa jina la kulinda watoto, ikachukua ardhi ya vijiji zaidi ya 60 kwa mikataba ya lazima ya miaka mitano, na ikasimamisha sheria ya kupinga ubaguzi wa rangi ili iweze. Baada ya hapo, mpango wa nyumba wa 2008 hadi 2018 ukaja na sharti: mnataka nyumba mpya, tukodisheni ardhi miaka 40. Kambi za pembezoni mwa Alice zilisaini hivyo 2009. Kwa hiyo aliyekuwa mwenye ardhi akawa mpangaji juu ya ardhi yake.

Wanaotetea mpango ule wanasema serikali haiwezi kumwaga mabilioni kwenye ardhi isiyo na mwenye jukumu linaloeleweka. Wanaoupinga wanasema zamani vijiji vilikuwa na mashirika yao madogo ya nyumba, na fundi wao wa kijiji, yote yakafagiliwa.

#27 Fundi_Bomba_Mvita

Hilo la fundi wa kijiji ndilo. Nimewahi kuendesha gari kilomita 480 kwenda kubadilisha washa ya dola mbili. Nikalala huko, nikarudi. Mahesabu ya safari ile sikuyaona lakini nayakisia. Na kijana mmoja pale nyumbani alinitazama nikifanya, akaniambia kwa upole, "mjomba, hiyo naweza." Najua aweza. Haruhusiwi kugusa, hana leseni. Hakuna ampelekaye kusomea.

#28 Mbeba_Zege

Kwa hiyo hela zipo. Miaka ile kumi zilikwenda zaidi ya dola bilioni 5 kwa majimbo yote. Na 2024 wametangaza tena bilioni 4 kwa miaka kumi, nyumba 270 kila mwaka, hapohapo Northern Territory. Mimi kampuni yetu inazililia hizo tenda. Hela zinaliwa na barabara, wakandarasi na washauri, na mimi nikiwemo kwa zege langu. Haya, nimekubali, naongeza sababu yangu ya pili juu ya ile ya kwanza. Ya kwanza siitoi.

#29 Kobe_Mzee

Na jamani, watu 14 ni wengi kwa nani? Mbagala tulikua 11 chumba na sebule. Msiba ukitokea kwetu watu 40 wanalala wiki, hakuna ofisi inayoandika barua. Labda hawa ndugu zetu wanaishi hivyo kwa kupenda, na mzungu anawapima kwa rula yake.

#30 DadaPerth

Mzee heshima yako. Undugu ni kweli: msiba ukitokea wanakuja kutoka mamia ya kilomita, na kumfungia ndugu mlango ni aibu isiyofutika. Huku Western Australia kuna kanuni ya maonyo matatu unatolewa, na mara nyingi anayevunjiwa mkataba ni bibi kwa kelele za mpwa. Lakini binti wa yule Bibi yuko kwenye foleni miaka minane au tisa. Angependa kubanana asingejiandikisha.

#31 Nesi_Tausi

Niongeze la hospitalini kidogo tu. Mafindofindo ya watoto yakipita godoro moja hadi jingine bila matibabu yanaishia kwenye valvu za moyo. Watoto wa huku wanapasuliwa moyo kwa ugonjwa ambao Sydney madaktari vijana wanausoma vitabuni. Mzee Kobe, Mbagala nayo ulikuwepo, tulikuwa hatuupimi.

#32 Wakili_wa_Keko

Kuhusu rula: wanahesabu vyumba kwa umri, jinsia na nani kaoana na nani. Kwa kipimo hicho, wazawa wanaokaa nyumba inayowatosha walikuwa asilimia 81.4 mwaka 2021, na serikali zote zimekubaliana ifike 88 ifikapo 2031. Ikikosekana vyumba vinne au zaidi, sensa inakuandika huna makazi, hata kama una paa. Wazawa 24,930 waliandikwa hivyo mwaka huo, kama mmoja kati ya kila watano wasio na makazi nchi nzima, na wengi wao ni wa kubanana hivi. @Mgogo, nyumba ya jirani yako huenda kwa takwimu wote 14 hawana makazi, akiwemo Bibi mwenye mkataba.

#33 Mgogo_wa_Jangwani

Aisee. Nimemtafsiria Bibi hii ya mwisho kwa Kiingereza changu cha Kongwa, akacheka hadi akashika ubavu. Akaniuliza: basi wanakuja kumkagua nani?

#34 Simba_wa_Logan

Kuna kizingiti kingine hamjakigusa: cheti. Ukiomba nyumba zilizotengwa kwa wazawa, ofisi nyingi zinataka uthibitishe kwa mambo matatu: una asili hiyo, unajitambua hivyo, na jamii yako inakukubali, karatasi ipigwe muhuri na shirika la wenyewe. Mzee mmoja kazini kwetu alichukuliwa na serikali akiwa mtoto mchanga akalelewa na wazungu. Hana wa kumpigia muhuri. Asili anaijua kwa kujitazama kwenye kioo. Aliniambia, "Waliponichukua hawakuomba cheti."

#35 Kijiwe_Nongwa

Hapo sina utani.

#36 Kipande_Cha_Kibra

Hii ya kuthibitisha mwaielewa nyinyi? Wanubi wa Kibra wamekaa pale zaidi ya miaka mia, hati ya ekari 288 wakapata 2017. Vijana wetu kuomba kitambulisho waliketi mbele ya kamati wathibitishe wao ni Wakenya. Naishia hapo kabla Mod hajanihamisha.

#37 MODERETA

Nimekuona.

#38 Fundi_Bomba_Mvita

@Mgogo umeme hapo kwa Bibi ni wa kulipa kabla?

#39 Mgogo_wa_Jangwani

Ndiyo, ni LUKU kabisa! Nilidhani nimeikimbia. Juzi joto nyuzi 43, saa kumi jioni pii-pii-pii, umeme ukakata, wote wakahamia chini ya mti wangu.

#40 Fundi_Bomba_Mvita

Basi na hiyo ihesabu. Kuna utafiti wa nyumba 3,300 hivi katika vijiji 28 vya jimbo hilo: zaidi ya 9 kati ya 10 zilikatikiwa umeme ndani ya mwaka mmoja, na siku za joto kali ndizo mbaya zaidi. Nyumba imebandikwa ukuta mwembamba, dirisha lakabili magharibi, kipoza hewa chala tokeni kama moto. Watu wakilala nje uwanjani, mkaguzi aandika wameshindwa kukaa ndani ya nyumba.

Na huyo Bibi kipoza hewa chake ni kile cha juu ya paa, cha maji na matandiko ya nyuzi? Kichunguze kabla ya ukaguzi. Chokaa ikigandamana kwenye matandiko, kinapuliza moto mtupu, kisha atadaiwa. Zima umeme kwanza. Fungua pande zake, yatoe matandiko uyakung'ute, safisha mdomo wa mpira wa kuletea maji kwa siki. Siki ya chipsi yatosha.

#41 Mbeba_Zege

Mwambie apige picha kila kitu kabla hawajafika. Kila mlango, kila koki, na tarehe ionekane. Mimi nawajua wale wakaguzi, tunakula nao mchana.

#42 Mama_Uvira

Na ile barua aijibu kwa maandishi. Aandike majina ya wajukuu wote, tarehe ya binti kujiandikisha, aombe jina la binti lipandishwe kwa sababu ya kubanana. Asiseme "wageni". Neno hilo likikubaliwa, limekwisha.

#43 DadaPerth

Mama Uvira umesema. Mgogo, niandikie pembeni nikupe mfano wa barua. Hapo Alice pia kuna huduma za kisheria za wazawa, hawatozi.

#44 Kobe_Mzee

Sijaridhishwa bado na suala la undugu dhidi ya rula, lakini muda umekwenda, nalala. Mgogo, huko unga wa sembe unapata wapi?

#45 Mgogo_wa_Jangwani

Duka la Mhindi, wa njano, si wa kwetu. Mke wangu anauchanganya na mtama.

Mrejesho: Barua tumeiandika usiku huu, kurasa mbili, wajukuu wote kwa majina. Kuna kimoja kina majina manne, Bibi kagoma lisipunguzwe hata moja. Picha zimepigwa 61. Nimenunua siki chupa mbili. Ukaguzi ni kesho saa tatu, na kipoza hewa bado hatujakigusa kwa sababu ngazi yangu ni fupi, haifiki bati.

#46 Mbeba_Zege

Niko Alice tangu Jumatatu, tuna saiti hapo karibu na uwanja wa ndege. Ngazi ya mita sita ninayo kwenye gari. Nitumie ramani, nafika saa kumi na mbili asubuhi.

#47 Kijiwe_Nongwa

Mteremko wa bafu nao uuangalie ukiwa hapo.